Jiko la Bi Siwatu na Barafu ya Taifa

"Maji haya ni yako, Shaweji, na usinitolee macho. Mimi si mkutano wako wa hadhara."

"Yangu vipi? Mwenye masufuria ya kuogeshea ng'ombe mtaa mzima ni nani? Mimi nina birika moja."

"Una birika moja na mdomo kama bomba."

Hapo ndipo nilipofika, na kusema kweli nilisikitika kuchelewa. Ugomvi wa Bi Siwatu na Shaweji si kitu cha kukosa ukiishi mtaa wetu wa Kisigino. Watu walikuwa wameshatoka na vigoda vyao, wengine na vikombe vya chai, wamejipanga pande mbili za uchochoro kama kwenye ngoma. Nikajipenyeza karibu na mwenye karanga.

Katikati ya uchochoro, pale ukuta wa Bi Siwatu unapotazamana na ukuta wa Shaweji, maji yalikuwa yanachimbuka kutoka ardhini. Ya mvua hayakuwa, maana mvua haikuwa imenyesha. Ya bomba hayakuwa, maana bomba letu lilizinduliwa tu, halikuwahi kutoa maji. Yalikuwa maji safi, ya kimya, na baridi yake ilikuwa ya kutisha: kuku wa Shaweji aliyakanyaga, akainua mguu mmoja, akabaki vile vile, akifikiri.

Shaweji ni mjumbe wetu wa nyumba kumi. Filimbi haimtoki shingoni, hata akienda kuoga. Anajua nani kalala wapi na nani kaamkia wapi, na hilo simlaumu, hata mimi najua, tofauti ni kwamba yeye anapeleka ripoti. Bi Siwatu yeye ni mpishi. Jiko lake la mafiga matatu liko uani chini ya bati, na moto wake aliuwasha marehemu mama yake siku walipohamia Kisigino. Tangu hapo haujawahi kuzimika. Jioni anaufunika majivu, alfajiri anaufunua. Ukiishiwa kiberiti unakwenda na kigae chako, unapiga hodi, unaomba kaa la moto, unapewa pamoja na habari za mtaa. Hakuna nyumba Kisigino ambayo moto wake haukuanzia pale. Shaweji mwenyewe, pamoja na maneno yake yote, alikuwa akila kwa Bi Siwatu kila mchana, upande wa kivulini, na kulalamikia chumvi.

Siku ile aliapa mbele yetu sote kwamba hatakanyaga tena pale. Bi Siwatu akamwambia kama ni hivyo aanze na kuutoa mguu wake, maana alikuwa amekanyaga kizingiti. Tukacheka mpaka kuku akashusha mguu.

Hatukujua tunacheka nini.

*

Nchi yetu siitaji jina. Si kwamba naogopa. Imebadilishwa majina mara nyingi, na sina hakika ninyi mnaijua kwa lipi.

Inasemekana huko kwenye ncha za dunia, juu kabisa na chini kabisa, kuna barafu iliyolala juu ya nchi nzima nzima, nene kiasi cha kufukia milima. Dunia inapata joto, barafu ile inapungua, maji yake yanaingia baharini, na bahari inapanda. Nchi zenye barafu zikaitisha mkutano. Kiongozi wetu, Mkuu wa Wakuu, alikwenda, na akapewa kiti cha nyuma karibu na mlango wa choo, kwa sababu sisi hatuna barafu na kwa hiyo hatuna la kusema.

Akiwa pale mlangoni alimsikia mtaalamu mmoja akieleza jambo la ajabu. Barafu kubwa, kwa uzito wake, huivuta bahari ije karibu nayo. Ikipungua, inaiachia. Kwa hiyo barafu ikiyeyuka kule, bahari inashuka kule kule, na inapanda zaidi huku mbali, kwenye nchi za joto ambazo barafu huiona kwenye soda tu.

Mkuu wa Wakuu aliporudi alituhutubia uwanjani. Alisema bahari yenyewe imechoka kukaa na wenye barafu, imetafuta duniani kote, na imeichagua nchi yetu. Tulipiga makofi. Watu wa ufukweni walipiga makofi wakiwa wamesimama, maana mahali pao pa kukaa palikuwa pameshalowa.

Lakini kile kiti cha karibu na choo kilimuuma. Ikatangazwa kwamba taifa litakuwa na barafu yake. Meli zikaleta, malori yakapandisha, na kwa msimu mzima Kilima Kipara, kilicho juu ya mtaa wetu, kikawa kinavikwa nguo nyeupe. Kilichaguliwa kilima hicho kwa sababu kinaonekana vizuri ukiwa unatua na ndege. Chini ya kilima tuko sisi, lakini sisi ukiwa kwenye ndege hatuonekani.

Ikaundwa Wizara ya Barafu na Mambo ya Baridi. Waziri wake akawa Mheshimiwa Makwinya, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kuombea radhi, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mifugo na mifugo ilikuwa imemshinda. Alinunuliwa koti la manyoya. Alilivaa hata bungeni, akitoka jasho, ikasemwa kwamba ndivyo anavyojitolea.

*

Sasa sikilizeni utaratibu, maana nchi yetu kwa utaratibu hatujambo.

Juu ya barafu ilitandazwa picha ya Mkuu wa Wakuu, kubwa kama kiwanja cha mpira, ili wanaopita angani wajue ni barafu ya nani. Ilishonwa kwa kitambaa: suti nyeusi, shati jeupe, meno meupe. Na kwa sababu si adabu mtu kusimama juu zaidi ya picha ile, ikakatazwa mtu yeyote kupanda kilimani. Kulinda ruhusa, kufagia ruhusa, kupanda marufuku.

Wakati huo huo itifaki ikaagiza kwamba mgeni yeyote wa serikali, bila kukosa, apewe kinywaji chenye kipande cha barafu ya taifa. Utaikata wapi, na kupanda hakuruhusiwi? Unaikata chini, kwenye mguu. Pale mguuni barafu ilikuwa imejikusanya ukuta mnene, imeegemea miamba, na ndio uliokuwa umeizuia barafu yote ya juu isiteremke. Basi akija balozi, mguu unakatwa. Akioa mtoto wa katibu mkuu, mguu unakatwa, na akiachana naye unakatwa tena wakati wa usuluhishi. Nasikia nyumbani kwa Makwinya hata samaki walikuwa wanahifadhiwa kwa barafu ya taifa, ila hilo aliniambia mpishi wake, na mpishi wake alikuwa amefukuzwa.

Huko juu nako mambo yalikuwa yanaendelea kimya kimya. Mnajua ukivaa nguo nyeusi juani inavyokuwa. Ile suti ikaanza kunywa jua kutwa nzima. Barafu chini ya suti ikazama, ikazama, lakini chini ya shati na meno ikabaki palepale. Wizara ilipokuja kushtuka kulikuwa na shimo lenye umbo la koti, na meno ya Mkuu wa Wakuu yamesimama peke yake hewani kama safu ya majumba.

Mwandishi wa habari mmoja akauliza kama barafu inayeyuka. Makwinya akajibu, kwa ile sauti yake, kwamba neno hilo si zuri. Barafu ya taifa haiyeyuki. Baadhi yake imeamua kupumzika katika hali ya majimaji, na hiyo ni haki yake kikatiba.

Tatizo ni kwamba hali ya majimaji ilijaa ndani ya lile koti ikawa ziwa, na ziwa lilionekana kwenye televisheni. Likaletwa jeshi. Likatoboa barafu kwa mashine ndefu, shimo moja refu mpaka chini kwenye udongo. Ziwa likanyonywa mara moja, kama mtu anayemalizia uji. Makwinya akatangaza kwenye taarifa ya habari ya usiku kwamba maji yamekwisha.

Hakuna aliyeuliza yamekwenda wapi. Yaani, aliuliza mmoja.

*

Huyo mmoja ni Dokta Mwajabu Kitogo, aliyesomea barafu ughaibuni na kurudishwa kwa heshima zote ili jina lake liandikwe kwenye mlango. Alipewa nafasi ya kuongea kwenye kikao cha Wizara baada ya chakula, wakati ambao watu wote wana usingizi. Aliyosema nimeyapata kwa mhudumu wa chai, na mhudumu wa chai ndiye pekee aliyekuwa macho.

Alisema maji hayajaisha. Yako chini ya barafu, na barafu sasa imelala juu ya maji badala ya kulala juu ya mwamba, kama sabuni juu ya sakafu ya bafu. Kilichobaki kuishika ni mguu, na mguu mnaunywa. Akawaomba waondoe kitambaa cheusi, wazime jenereta walizoziweka chini ya kilima, na wasiguse mguu tena hata akija nani.

Makwinya akamuuliza, kwa upole, mbona jenereta za Wizara zimenguruma pale kiangazi kizima na barafu haikusogea hata kidogo. Si ushahidi huo kwamba jenereta hazina madhara?

"Mheshimiwa, barafu haikujibu siku ile ile," alisema Dokta Mwajabu. "Inakawia. Joto uliloipa mwaka jana bado inalitafuna. Ikianza kujibu, hutaweza kuiambia inyamaze."

Wizara ikamshukuru kwa mchango wake. Wiki iliyofuata akahamishiwa Idara ya Chumvi.

Kwa hiyo siku ile Bi Siwatu na Shaweji walipokuwa wanagombania maji kwenye uchochoro, maji yalikuwa ni koti la Mkuu wa Wakuu, limepita chini ya kilima, likatokea kwetu. Lakini sisi tungejuaje? Redio ilisema maji yamekwisha, na sisi ni wananchi tunaosikiliza redio.

*

Ukweli hata ukikatazwa kupanda kilimani, unaonekana kutoka chini. Ukuta wa mguu ulikuwa umerudi nyuma, na barafu ya juu imeanza kupasuka kwa milio kama ya mtu anayejinyoosha viungo. Mkuu wa Wakuu alikuwa anajiandaa kwenda kwenye mkutano wa wenye barafu, safari hii kukaa mbele. Akataka jibu kabla hajaondoka: nani analeta joto?

Ikaundwa Tume ya Kutafuta Joto. Wanatume walikuja na magari mengi, wakayaacha yakinguruma chini ya kilima ili ndani kuwe na ubaridi watakaporudi. Wakapima joto la magari yale, lakini yalikuwa ya serikali, na ilikubalika kwamba joto la serikali ni joto rasmi, halihusiani. Wakazikuta jenereta za Wizara. Nazo zilikuwa za kuendeshea feni za kuipepea barafu, kwa hiyo zilihesabiwa upande wa baridi. Wakaelekea kwenye hoteli mpya ya kitalii, wakapokelewa vizuri, wakatoka wakifuta midomo na kusema hapana joto pale.

Jua likawa linataka kuchwa na joto halijapatikana. Ndipo upepo ukaleta harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

Walifuata harufu mpaka uani kwa Bi Siwatu. Wakasimama wakiutazama moto ule kama watu waliopata mtoto aliyepotea. Mwenyekiti wa Tume akauliza umewashwa lini. Bi Siwatu, ambaye hajui kusema uongo hata pale unapotakiwa, akawaambia: uliwashwa na mama yangu na haujawahi kuzimika.

"Haujawahi kuzimika," mwenyekiti akarudia, na wote wakatikisa vichwa.

Kisheria ilihitajika shahidi mmoja. Akaitwa mjumbe wa nyumba kumi. Shaweji alikuja amevaa shati la chama, ukuta wake bado unachuruzika maji, na hasira ya uchochoro haijamtoka. Akaulizwa kama moto wa jirani yake ni mkubwa.

Nilikuwepo. Kila mtu pale alijua Shaweji amekula chakula cha moto ule tangu mkewe alipofariki.

"Ni mkubwa," alisema Shaweji.

Bi Siwatu hakumjibu. Na mtu aliyezoea kujibiwa na Bi Siwatu, asipojibiwa, anakaa vibaya. Shaweji aliondoka anaivuta filimbi yake kama inayomnyonga.

Hukumu ilisomwa redioni. Jiko la Bi Siwatu wa Kisigino, kwa kuhatarisha barafu ya taifa kwa makusudi na kwa vitunguu, litazimwa asubuhi ya Siku ya Barafu, sikukuu yetu mpya ya taifa, na mafiga yake yatang'olewa yakahifadhiwe makumbusho kama kielelezo cha adui.

*

Kwetu, mtu akifiwa, tunakwenda. Moto nao si mtu, lakini tulikwenda. Jioni ya kuamkia Siku ya Barafu ua ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Bi Siwatu alikuwa ametoa sufuria lake kubwa kuliko yote, lile la harusi. Alisema kama ni hitima na iwe hitima: alfajiri atapika pilau la mwisho, na watu wa Kisigino watakula mchana moto ukiwa umeshazikwa. Wanawake wakachambua mchele, wanaume wakatoa ushauri ambao haukuombwa. Mwenye karanga hakuuza, aligawa. Tulisengenya serikali kwa sauti ya chini na Wizara kwa sauti ya kawaida.

Kisha mmoja akaondoka, akarudi na kigae. Bi Siwatu akamwelewa, akachukua koleo, akamtolea kaa. Wa pili akaja. Wa tatu. Ikawa foleni mpaka nje kwenye uchochoro, kila mmoja na kigae chake, mwingine na kifuniko, mwingine na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa. Bi Siwatu aligawa moto wa mama yake kaa kwa kaa, akimwambia kila mtu aulaze vizuri kwenye majivu.

Mwisho kabisa wa foleni alikuwa Shaweji.

Alinyoosha kigae akitazama miguu yake. Ningekuwa mimi, ningempa maneno ya kutosha kuota moto mwaka mzima. Bi Siwatu alichokorachokora jikoni, akatafuta, akamchagulia kaa kubwa kuliko yote yaliyobaki, akamwekea. Wala Shaweji hakusema asante, wala Bi Siwatu hakusema karibu.

*

Siku ya Barafu ilipambazuka na jua kali la kupendeza. Zimamoto walifika mapema, wakala vitumbua vya Bi Siwatu, wakaomba radhi, wakazima. Moshi mweupe ukapanda. Bi Siwatu alikuwa ameshaipua pilau na kulifunika kwa kawa na shuka mbili. Alikaa juu ya kigoda, mgongo kwa jiko. Mafiga yakaachwa kidogo yapoe kabla ya kwenda makumbusho.

Mkuu wa Wakuu alikuwa ameshasafiri, kwa hiyo mgeni rasmi alikuwa Makwinya. Kulikuwa na swali la wapi pa kuweka jukwaa. Juu haiwezekani kwa sababu ya picha. Chini, mtaani, kuna tope lililoletwa na maji yaliyokwisha. Ikaamuliwa jukwaa likae pale pale mguuni. Na kwa kuwa mguu uliobaki ulikuwa unachukua nafasi ya viti vya wageni, usiku wake walikuwa wameukata wote, wakausawazisha, wakautandika zulia.

Sisi tuliangalia kutoka uani, sauti ikitufikia kwa vipaza sauti. Bendi ilipiga. Makwinya alisimama ndani ya koti lake la manyoya, akasema joto la taifa limezimwa asubuhi hii kwa amani, akasema barafu ya taifa kuanzia leo haitasogea hata inchi, akarudi kitini kwake, na barafu ikasogea.

Haikuja kwa kishindo, msidhani. Ilikuja kama bibi harusi: polepole, mzima mzima, na hakuna wa kuizuia. Iliingia chini ya jukwaa kama mtu anayeingiza mkono chini ya godoro, ikalibeba na zulia lake na watu wake, ikaanza kuteremka.

Wangeweza kuruka. Mtoto angeruka. Lakini bendi, kwa kuchanganyikiwa, ilikuwa imeanza wimbo wa taifa kwa mara ya pili, na itifaki inasema wimbo ukipigwa mgeni rasmi asimame kwanza. Makwinya alijaribu kusimama, barafu ikamrudisha kitini. Akajaribu tena. Na wimbo wetu una beti nyingi, kila Mkuu wa Wakuu huongeza wake. Makatibu wakuu mmoja mmoja wakadondoka pembeni kwenye matope laini, salama, na heshima zao. Bendi ikaruka na matarumbeta. Waziri aliendelea na safari peke yake, amekaa wima, mikono imeshika kiti, akitupungia. Nadhani alikuwa anaomba msaada lakini kwa mazoea ilionekana ni kupunga.

Shaweji alikimbia mbele akipuliza filimbi, mlango kwa mlango, akitoa watu, akibeba vikongwe mgongoni. Lazima niseme ukweli, filimbi ile siku hiyo ilifanya kazi ya mwaka mzima. Tulipanda wote kwenye kibaraza kirefu cha msikiti upande wa pili na kutazama barafu ya taifa ikiingia Kisigino. Ilibomoa choo cha Shaweji. Ilibomoa ukuta wake ule wa ugomvi. Ikaingia uchochoroni, ikabanwa pande mbili, ikapiga kelele, ikapasuka vipande, na ikasimama kizingitini kwa Bi Siwatu. Maji yake ndiyo hayakusimama. Yaliingia ndani bila hodi, yakazunguka vyumbani, yakatoka na ndala za watu.

Na juu ya kipande cha mbele kabisa, mlangoni, alikuwa Mheshimiwa Makwinya kwenye kiti chake.

*

Tuliteremka kibarazani tukakusanyika. Koti la manyoya lilikuwa limenyonya maji mpaka limemshinda kulibeba. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya kijivu, na meno yanagongana kwa mwendo ule ule wa wimbo wa taifa. Bi Siwatu alitoka mlangoni, sketi ameikunja, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Mama," alisema Makwinya. "Hapa hakuna moto?"

Jamani! Hata mwenye karanga aliacha kutafuna.

"Ulikuwepo, Mheshimiwa," alisema Bi Siwatu. "Umeuzima asubuhi. Nimesikia kwenye kipaza sauti."

Waziri akatazama chini. Nilitegemea atatoa hotuba, lakini nadhani hotuba nazo zilikuwa zimeganda. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anaomba hata moto mdogo tu, wa muda.

Ndipo Shaweji akapasua watu akaja. Nyumba yake haikuwa na ukuta wa upande mmoja, choo chake kilikuwa kimekuwa historia, na mikononi alikuwa amekumbatia kigae kilichofunikwa majivu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alipita mbele ya Waziri bila kupiga saluti, kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani mwake, akakanyaga kizingiti, akafika uani. Mafiga yalikuwa yamesimama juu kidogo ya maji. Akainama, akapuliza majivu. Kaa lilikuwa jekundu.

"Siwatu," akasema, bila kugeuka, "ule ushahidi wangu..."

"Weka kuni ndogo kwanza," alisema Bi Siwatu. "Utauzima kwa maneno."

Akaweka kuni ndogo. Moto ukashika. Makwinya akautazama kwa macho ya mtu mwenye njaa, kisha uwaziri ukamrudia kidogo, akauliza kama huo siyo ule ule moto uliohukumiwa.

Shaweji akasimama, akainyoosha filimbi yake kifuani.

"Hapana, Mheshimiwa. Ule ulizimwa mbele ya zimamoto, ripoti nitaiandika mwenyewe. Huu umetoka kwangu. Mimi ni mjumbe, moto wangu ni joto rasmi."

Waziri akafikiri juu ya jambo hilo, akaona limekaa kisheria. Nyuma yetu, juu ya kilima, kipara cha mwamba kilikuwa kimetokea tena, kinang'aa, na yale meno meupe yalikuwa ya mwisho kuteremka, moja baada ya jingine, kuelekea mtoni, na kutoka mtoni kuelekea bahari iliyotuchagua.

Watu walikuwa wameshaanza kuingia. Mikeka ilikuwa inaelea, basi wakakaa juu ya vitanda, juu ya meza, juu ya debe la mchele. Mimi nilipata ncha ya kabati. Shaweji alisimama kwenye kona yake ya kivulini, anasita, mpaka Bi Siwatu alipomsukumia sahani ya kwanza kifuani na kumwambia leo asithubutu kutaja chumvi. Shuka zikatolewa, kawa likafunuliwa, na harufu ya pilau ikatoka nje kumkuta Waziri juu ya barafu yake.

Alimeza mate. Tulimwona sote.

Bi Siwatu akarudi mlangoni na upawa mkononi, akamtazama kuanzia koti mpaka viatu.

"Karibu ndani ule, Mheshimiwa," akasema. "Usiogope kulowa. Maji yenu yameshatangulia."